Meneja wa Jiji Dogo

Jumatatu, 7 Agosti 2000

Barua kutoka Kathonzweni. Mama Mwololo, mama mkwe wangu, anakuja. Atafika Alhamisi, atalala kwetu hapa Kitengela, na Jumamosi anataka kuona mahali ninapofanya kazi. Barua ameandikiwa na mtoto wa jirani kwa sababu macho yake hayaoni karibu. Mbali anaona vizuri sana. Hilo ndilo tatizo.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili hukaa ndani ya sanduku na ufunguo ninao mimi. Mimi si meneja wa Jiji Dogo. Mimi ni mfagiaji wa Jiji Dogo.

Jiji lenyewe liko kando ya barabara ya Namanga, kabla hujafika Isinya. Mzee Hiram alikuwa mpima ardhi. Alipostaafu akajenga Nairobi nzima ndani ya ekari mbili, kwa saruji na mabati. Barabara ziko, taa ziko, gari moshi liko na linatembea kwa betri. KICC, lile jumba la mikutano la orofa ishirini na nane, inanifika kifuani. Majengo mengine ni ya kiunoni na ya gotini. Watoto wa shule huletwa kutazama mji ambao ni mwendo wa saa moja kutoka hapo, na wanashangaa kuliko wangepelekwa kwenye ule wenyewe. Kazi yangu ni kupita katikati ya majengo kwa magoti, brashi ya rangi mkononi, nikiondoa vumbi, mijusi na mavi ya ndege. Navaa overoli ya kijani.

Umeneja ulianza Pasaka. Tulikuwa kwa Mama Mwololo, familia yote. Elphas Obura, aliyemwoa Evalyne, dada mdogo wa Roda wangu, akasimama akasema amefanywa naibu wa mwalimu mkuu kule Ngong. Makofi. Akaletewa kiti cha mgongo. Mimi nilikuwa nimekaa miezi saba bila kazi tangu ghala nilimokuwa karani lifungwe kule Industrial Area, na kwa Mzee Hiram nilikuwa na wiki tatu tu. Nilikuwa nimekaa kwa kigoda. Sijui mdomo ulifunguliwa na nani. Nikasema mimi pia nimepata kazi, meneja. Makofi tena, na kiti kingine cha mgongo kikatafutwa kwa jirani. Mama Mwololo akaniombea, maombi marefu, akalitaja neno meneja mara tano.

Tangu siku hiyo Roda hunipigia shati pasi kila asubuhi. Mimi hubadilisha nguo nyuma ya choo cha wageni.

Jioni Roda ameniuliza kama nimefurahi mama anakuja. Nimesema nimefurahi sana.

Jumanne, 8 Agosti

Elphas amepiga simu kwa bucha ya hapa chini, nikaitwa. Anasema eti badala ya Jiji Dogo, kwa nini tusimpeleke mama Nairobi kuona wanyama. Gari ni lake, petroli ni yake. Anasema vumbi la Isinya msimu huu wa kiangazi si zuri kwa macho ya mama. Macho ya mama! Tangu lini Elphas amekuwa daktari wa macho?

Ni wivu. Amekuwa naibu, na naibu ni naibu tu, kuna mtu juu yake. Hataki mama aone ofisi ambayo hakuna mtu juu yangu. Nilimwambia ni Jiji Dogo au asije. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya ubaoni, "Munguti, fikiria vizuri."

Nimefikiria vizuri. Nimemkatia simu.

Na bahati iko upande wangu. Mzee Hiram Jumamosi anaenda harusi Murang'a, kutwa nzima. Ofisi yake ni kontena lenye meza na kiti cha kuzunguka. Kofia yake nyeupe ya ujenzi huning'inia nyuma ya mlango. Suti ninayo, ile ya harusi yangu. Kinachobaki ni Naipanoi.

Jumatano, 9 Agosti

Naipanoi ndiye huuza tiketi na kukaa na funguo. Ana miaka ishirini na nne, alimaliza kidato cha nne Kajiado, na yeye ndiye mkubwa wangu wa kazi. Huniita Baba Maryanne kwa heshima zote, kisha hunionyesha mahali nilipoacha mavi ya ndege.

Nilimweleza mpango. Jumamosi aniite meneja, kutoka saa nne hadi saa nane, baada ya hapo turudi kama zamani. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Baba Maryanne, mimi sitasema uwongo. Lakini kama unataka, sitasema kitu."

Nimechukua hiyo. Mtu asiyesema kitu ni nusu ya shahidi.

Adhuhuri nimechora kibao cha mlango kwa rangi ya majengo. M. MUNGUTI, MENEJA MKUU. Niliongeza Mkuu kwa sababu nafasi ilibaki.

Lakini meneja anahitaji mtu wa kumwita meneja. Nilikuwa nikiwaza hivyo wakati Kakuta alipofika kwa ua. Kakuta ametoka upande wa Bisil na ng'ombe kumi na mmoja. Walikuwa arobaini. Huwapitisha hapa kila siku akitafuta nyasi kando ya lami, na ukiwatazama unaweza kuhesabu mbavu kutoka ng'ambo ya barabara. Tukasalimiana kwa Kimaasai, sopa, ipa. Akaomba maji. Tuna kisima cha pampu, lakini Mzee Hiram amekataza, maji ni ya watu na ya miche.

Ndipo wazo likanijia, zuri hadi nikakaa chini.

Nilimwambia Kakuta hivi. Jumamosi saa tano kamili apite nje ya ua na mifugo, anipungie mkono, aseme kwa nguvu, "Sopa, meneja." Basi. Saa kumi, wageni wakishaondoka, arudi, ng'ombe wote watakunywa. Akauliza kama maji yatakuwepo kweli. Nikamwambia mimi ndiye meneja.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama Mwololo amefika kwa basi la Machakos na kuku wawili na gunia la pojo. Kwa mila yetu mkwe huwa hazoeani na mama mkwe, mimi nakaa karibu na mlango na yeye upande wa jikoni, na mazungumzo yanapita kwa Roda. Ni mila nzuri. Yaani, angeuliza maswali kumi, nimepata mawili.

La kwanza lilikuwa nina watu wangapi chini yangu. Maryanne akajibu kabla yangu, akasema thelathini. Maryanne ana miaka kumi na mmoja na amewaambia darasa lote. Sikumsahihisha. Mtoto hasahihishwi mbele ya wageni.

La pili lilikuwa kama kazi inachosha magoti, maana ameniona nikiinuka vibaya. Nikasema ni kiti.

Roda amefurahi wiki hii. Amefua pazia. Alimweleza mama yake jinsi alivyosimama kanisani mwezi wa tano akatoa ushuhuda wa kazi yangu, na watu wakaimba. Nilikuwa sijaambiwa habari hiyo. Nilitoka nje kidogo nikatazama kuku.

Ijumaa, 11 Agosti

Maandalizi. Nimefagia mji wote mara mbili. Nimepaka rangi stesheni.

Kisha nimeona lile bwawa la katikati ya bustani, mahali pa vimashua. Kavu, lina nyufa. Meneja gani ana bwawa kavu? Naipanoi alipoenda kula nikawasha pampu, nikaingiza mpira wa maji. Lilichukua saa nzima kujaa. Maji yaling'aa hadi anga yote ikaonekana ndani. Nje ya ua, kando ya lami, kulikuwa na mzoga wa ndama wa mtu fulani. Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Naipanoi aliporudi alisimama mbele ya bwawa muda mrefu. Hakusema kitu. Ndivyo tulivyokubaliana.

Pia nimeamua kesho lile geti kubwa, la malori ya saruji, likae wazi. Nataka gari la Elphas liingie hadi mlangoni mwa ofisi yangu, asome kibao kabla ya kushuka.

Jumapili, 13 Agosti

Wamekwenda kanisani. Mimi nimebaki. Nimesema kichwa kinauma, na hakuna aliyeuliza upande gani.

Niandike ya jana.

Nilitangulia asubuhi. Mzee Hiram aliondoka saa mbili na suti yake, mimi nikavaa yangu na kofia yake. Saa nne na nusu Datsun ya Elphas ikaingia kwa geti kubwa, ikasimama mlangoni. Elphas akasoma kibao. Nilisikia utamu.

Naipanoi alitoka kwa dirisha la tiketi akainamisha kichwa mbele ya Mama Mwololo aguswe, kama watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wazee. Mama alipenda sana. Akamuuliza kama meneja wao anawatendea vizuri. Naipanoi akanitazama mimi, akatazama mbingu, akasema, "Anafanya kazi kwa bidii." Huo ulikuwa ukweli, nadhani.

Nikawatembeza. Maryanne alikuwa mbele akieleza majengo kama yeye ndiye aliyeyajenga. Evalyne alipiga picha. Elphas alikuja nyuma, mikono mgongoni, akitazama viatu vyake. Mama Mwololo alitembea polepole katikati ya barabara, mkubwa kuliko mji. Alikuwa ameenda Nairobi mara moja tu maishani, mwaka wa sabini na nne, mume wake akiwa mgonjwa. Akauliza hospitali iko wapi. Nikamwonyesha. Inamfika chini ya goti. Akasimama pale. Akahesabu madirisha kwa kidole, akasema baba yenu alikuwa hapa, la tatu. Kisha akainama, akachukua pindo la leso yake, akapangusa dirisha hilo, mahali ambapo nilikuwa nimepangusa mara mbili. Roda alilia kidogo. Mimi mwenyewe nilisahau kwa dakika moja kwamba mimi ni meneja.

Saa tano kamili. Kakuta. Mtu wa saa, simlaumu. Alipita nje ya ua na ng'ombe wake, akanyanyua fimbo, akasema kwa sauti ya kufika Isinya, "Sopa, meneja."

Wote waligeuka wakanitazama. Nikapunga mkono. Roda alinyoosha mgongo. Nilikuwa na furaha, niandike hivyo, nilikuwa na furaha kwa muda wa nusu dakika.

Kisha ng'ombe wa mbele akainua pua.

Hawakuwa wamekunywa kwa siku tatu. Sikujua. Sikuuliza. Walinusa maji, wakaona geti lililo wazi, na Kakuta alipokimbia kuwazuia alikuwa mtu mmoja na fimbo moja. Walikuja kumi na mmoja, hawakukimbia hata, walitembea kama watu wanaoenda kazini. Mmoja aliingia Kenyatta Avenue kwa upande usiofaa. Mwingine akapitia stesheni, rangi yangu ikiwa bado mbichi. KICC ilisukumwa na nyonga, ikalala chini taratibu. Ndani ilikuwa tupu. Nilisikia majengo yakivunjika kama sahani, moja moja, hadi bwawani.

Evalyne alimshika Maryanne. Roda akanigeukia. Akasema, "Baba Maryanne, si wewe ndiye meneja. Sema kitu."

Nikasema shoo.

Walingoja niseme lingine. Nikaokota kipande cha ubao, nikaanza kupiga ng'ombe wa mwisho mgongoni, mifupa mitupu, na hapo Mama Mwololo akaongea, moja kwa moja kwangu, bila kupitia kwa Roda. "Wache wakunywe," alisema. "Hawatatoka kabla hawajamaliza. Unampiga wa nini?"

Basi tukasimama. Watu wanane, ng'ombe kumi na mmoja. Hakukuwa na sauti nyingine ila ya kunywa. Kakuta alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yakimtoka, sijui ni ya aibu au ya nini. Bwawa lote lilikwisha.

Ndipo lori la mchanga likasimama barabarani, na Mzee Hiram akashuka na suti yake. Gari lake lilikuwa limeharibika Athi River. Alitembea kutoka getini hadi katikati ya mji akikanyaga kwa uangalifu, hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuharibu. Hakupaza sauti. Akauliza nani alijaza bwawa. Akauliza nani alifungua geti. Naipanoi hakusema kitu. Aliahidi, na akatimiza.

Mzee akatazama kichwa changu.

"Munguti," alisema, "vua kofia yangu. Enda uvae overoli yako, ulete ufagio."

Nikasema ndiyo, mzee. Nimefikiria usiku wote vitu vingine ambavyo ningesema. Viko vingi. Lakini miezi minne nimesema ndiyo mzee, ikatoka yenyewe.

Nilienda nyuma ya choo. Nilipotoka, na overoli ya kijani na ufagio, walikuwa bado wamesimama palepale. Maryanne alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. Kisha akaingia kwa Datsun akapandisha kioo. Roda alikuwa ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono yote miwili. Aliangalia mbali, upande wa vilima.

Elphas alivua koti. Alipiga magoti na kuanza kukusanya vipande, akitenganisha mabati na saruji, na alipofika kwa KICC aliiinua kifuani akaibeba kama mtoto aliyelala. Nani alimwita? Hata katika aibu yangu alitaka nafasi ya mbele.

Mama Mwololo alipita karibu yangu kabla ya kuingia garini. Alisimama. Alisema, "Mimi niliombea meneja, mwanangu. Sasa sijui hayo maombi yalienda kwa nani. Ungesema ni ufagio, ningeombea ufagio."

Jumatatu, 14 Agosti

Sijafutwa. Mzee Hiram amesema angenifuta, lakini hakuna mwingine anayejua kila jengo lilikuwa wapi. Nitayajenga yote upya, moja moja. Overoli nitavaa hata wakati wa kula.

Amesema pia kwamba mahali hapa kweli panahitaji meneja, kama mambo ya Jumamosi yalivyoonyesha. Kwa hivyo amemfanya Naipanoi. Nimepewa kile kibao nifute jina langu niandike lake. Neno Mkuu halikutoshea. Jina lake ni refu.

Huyo ndiye mtu niliyemwamini. Akakaa kimya, na kwa ukimya wake akapanda cheo. Nimejifunza kuwaogopa watu wanyamavu.

Kakuta alikuja asubuhi kwa mzee, akatoa ngozi ya kondoo na kuomba msamaha. Mzee alikataa ngozi. Ameagiza ichimbwe mifereji nje ya ua, ng'ombe wapewe maji Jumatatu na Ijumaa hadi mvua inyeshe. Mifereji nimechimba mimi. Wazo la kuwapa ng'ombe maji lilikuwa langu tangu Jumatano, kuna daftari hili la kushuhudia, lakini hakuna aliyelikumbuka.

Mama amerudi Kathonzweni alfajiri. Roda alimsindikiza stendi, akarudi, akakaa kitandani. Nilimwambia hakuna aibu katika kazi ya mikono. Nilidhani ni neno zuri. Akasema, "Hukuniaibisha kwa kufagia. Mimi nilisimama mbele ya watu nikashukuru Mungu kwa kitu hakiko."

Shati halikupigwa pasi leo.

Jumatano, 16 Agosti

Elphas amekuja Jiji Dogo. Shule zimefungwa, anasema ana nafasi, na kwao Siaya alisaidia kufyatua matofali akiwa kijana. Nilimwambia haya si matofali. Akakaa hata hivyo, akakoroga saruji hadi saa sita. Anakoroga vizuri. Nimelazimika kukiri.

Tulipokuwa tukitengeneza stesheni, akaniambia jambo. Mwezi wa sita alikuwa ameleta darasa la tano hapa. Sikumwona, nilikuwa kazini. "Wewe ulikuwa umepiga magoti hapahapa," alisema. "Nikageuza watoto waangalie upande ingine. Sikuambia mtu, hata Evalyne. Ndiyo maana nilikuambia twende kwa wanyama."

Nilipaka rangi dirisha moja mara tatu.

Kwa hivyo alijua! Pasaka hakujua, lakini kutoka Juni alijua, akakaa nalo miezi miwili, anakula nalo, analala nalo, anafundisha nalo hesabu. Hakulitumia hata mara moja. Mtu wa kawaida angesema siku ileile. Ni adui tu anayeweza kuwa na subira ya namna hiyo. Na sasa ananisaidia kukoroga saruji, ili niwe na deni la shukrani hadi nife. Sijawahi kuona hila iliyopikwa kwa moto mdogo namna hii.

Sikusema asante. Alipoondoka alinipa mkono, nikampa wangu, ulikuwa na saruji. Hakujipangusa.

Ijumaa, 18 Agosti

Roda anaongea nami sasa, lakini kwa mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu. Nimemwambia maisha ni safari ndefu. Akasema niongeze utambi.

Chakula cha jioni, Maryanne akavunja kimya. Siku nzima alikuwa hasemi na mimi. Shule zitafunguliwa na walimu huuliza. Akasema nisiwe na wasiwasi, amepanga kila kitu. Atawaambia darasa kwamba Jiji Dogo la hapa limefungwa na mimi nimehamishwa Mombasa kufungua lingine kubwa, na nikionekana Kitengela ni kwamba niko likizo. Wakiuliza kuhusu overoli, ni sare mpya ya mameneja.

Alisema yote hayo bila kupepesa jicho, huku akimega ugali.

Roda aliweka kijiko chini, akainuka, akatoka nje akasimama gizani karibu na kamba ya nguo. Nilimsikia akijaribu kutolia.

Mimi nilimtazama mtoto wangu. Hiyo ya sare! Hata mimi singeifikiria. Kifua kilinijaa. Wiki nzima nilidhani niko peke yangu katika nyumba hii.

Nilimwambia tu aondoe Mombasa, ni mbali, aseme Nakuru.

Jumapili, 20 Agosti

Nimerudi kanisani. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Watu walinisalimia kwa upole mwingi, ule upole wa kumsalimia aliyefiwa. Wamaitha, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alinishika bega akaniambia Mungu yupo. Ningependelea anitukane.

Baada ya mahubiri, matangazo. Wamaitha akasimama. Kanisa limepewa kibali cha kujenga ukumbi nyuma ya hili la mabati. Mawe yameletwa, vijana wa kubeba wako. Fundi waliyemtegemea ameenda Rongai na harudi. Akauliza kama kati yetu kuna mtu yeyote mwenye uzoefu wa ujenzi, hata kidogo.

Watu wakatazama viatu.

Roda alikuwa kando yangu. Nafikiri alisikia nikivuta pumzi, maana alinishika mkono wa shati, kwa nguvu, mara ya kwanza kunigusa tangu Jumamosi ile. Nilichukulia kwamba ananitia moyo.

Nikasimama. Nikasema wiki hii peke yake nimesimamisha stesheni moja, benki mbili, na jengo la orofa ishirini na nane. Sikusema uwongo hata neno moja. Kanisa likageuka. Mchungaji akaniuliza ukumbi wa orofa ngapi ungefaa. Nikasema tatu, tusijibane. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wengine. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo inavyoingia mwilini.

Roda aliachilia shati. Akachukua Biblia yake na Maryanne, akahamia benchi la ng'ambo.

Wamaitha alikuja na kalamu na karatasi. Anataka tuanze kesho jioni nikitoka kazini. Aliuliza maswali, nikajibu yote. Mchanga, nikasema wa kutosha. Vyuma, nikasema vitakavyohitajika. Mwisho akauliza tuchimbe msingi wa futi ngapi kwenda chini.

Nilifikiria kwa makini, kwa sababu ni nyumba ya Mungu. Nimejenga mji mzima na sijawahi kuchimba msingi hata wa inchi moja.

Nimemwambia hayo ya msingi ni mambo ya zamani. Ameandika.